Mstari wa Buluu

"Haipo," Dorkas alisoma tena kwa sauti. "Inasema haipo, na mimi nimeiweka kwa mkono wangu!"

Kompyuta ya mradi wa maji, pale ofisini Same, ilikuwa imegoma tangu asubuhi. Programu ya kuchora ramani ya mtiririko wa maji haikuwa ya kubonyeza mara moja ikajisimika. Ilibidi kuijenga kutoka kwenye msimbo wake, na kila ilipofikia maktaba ya michoro, ile inayoiwezesha kuchora kwenye skrini, ilikwama. Mara ya kwanza maktaba hiyo haikuwepo kweli. Dorkas akaipakua, akaiweka. Wimbo ukabaki ule ule.

Kesho kamati ya ndiva ingekaa. Ndiva yao ni bwawa la mawe na udongo kule mlimani. Hujaa usiku, asubuhi huzibuliwa, maji yakashuka mferejini kwa zamu. Msimu huu watu wa chini walikuwa wakiamkia matope. Vipimo vya mferejini vilikuwa vimeshakusanywa, na mwenyekiti, Mzee Asheri, alitangaza kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watu wakiwa na majembe mikononi: ramani ikimwonyesha mwizi wa maji, huyo hana zamu mpaka mavuno.

Mwizi ni nani, Dorkas hakuhitaji ramani. Ni watu wa juu. Na Loth, aliyekaa meza ya pili akitafuna karanga kama mtu asiye na habari, alikuwa mtu wa juu. Shamba la mjomba wake limepakana na ndiva yenyewe. Na jana ni yeye aliyeitumia kompyuta hii. Kikulacho ki nguoni mwako, Dorkas aliwaza.

"Jana uligusa nini humu?"

"Nilichapa ripoti."

"Ripoti tu?"

"Dada Dorkas, mbona unanihoji kama polisi?" Loth akacheka.

Dorkas hakucheka. Mtu asiye na hatia hukasirika, alijiambia, huyu anacheka.

Loth alikuja akasimama nyuma yake, akaitazama skrini. "Ulianza kujenga kabla hujaiweka hiyo maktaba?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Basi futa folda yote ya ujenzi, uanze upya."

Futa! Vipimo vyote vilikuwa jirani na folda hiyo. Kidole kikiteleza, vimekwenda na maji.

"Kwa nini nifute?"

"Hii mashine ina kinyongo, dada. Ilipoitafuta ikaikosa, ilijiandikia kwamba haipo. Sasa haitafuti tena, inasoma tu ilichokwisha kuandika."

Maneno yaliingia akilini, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Alichomeka flashi, akanakili vipimo vyote, akaitia mfukoni mwa sketi na kufunga zipu. Loth aliona. Alirudi mezani kwake, akazisukuma karanga pembeni.

Dorkas alifuta, akaanza upya. Mistari ilipanda kwenye skrini, ikafika pale pa kugomea, ikapita. Aliona aibu, lakini hakutaka kuisema.

"Nafuata chai," Loth alisema kwa unyonge, akatoka.

Ramani ikajichora. Mstari wa buluu ulitoka ndivani ukiwa mnene. Ukapita mashamba ya juu. Ukapita shamba la mjomba wake Loth, mnene vile vile. Dorkas alisogeza kiti. Mstari ulishuka mpaka katikati ya mteremko, kwenye kona moja, na hapo ukakonda ghafla kama uzi.

Kona ile aliijua tangu utotoni. Ni shamba la baba yake, Mzee Melkizedeki, na tangawizi yake iliyostawi msimu huu mpaka majirani wakauliza anaipa nini. Dorkas mwenyewe alikuwa akijigamba nayo ofisini. Alikagua vipimo upya, akitamani kosa, lolote lile. Hapakuwa na kosa. Bila zamu, tangawizi ile isingefika mavuno, na mzee hakuwa na shamba jingine.

Simu ikaita.

"Shikamoo, Mzee Asheri."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ramani imekubali?"

Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya. Folda ya vipimo ilikuwa pale pale, wazi, ya kufutika kwa kubofya mara moja.

"Mwanangu, unanisikia?"

Loth aliusukuma mlango kwa kiwiko, vikombe viwili mikononi, akaja moja kwa moja upande wake.