Kunywa Tuone

Omuse alikuwa amepitisha mizigo ya watu hapo mpakani Busia miaka kumi na tisa, na ule ugonjwa wa maajenti wote ulikuwa umemkolea: mzigo ukiwa na jina la kuleta maneno, unaupa jina lingine lisilo na maneno. Basi Truphena alipomwachia fomu za kuingiza chupa nne za maji ya ziwa kutoka Uganda, hakuuliza mtu. Aliandika "maji ya kunywa", akagongewa mhuri wa kwanza, akarudi anachekelea.

"Dada, imeenda! Ungeandika ziwa ungelala hapa mpaka Krismasi."

Truphena aliisoma ile karatasi, akakwama kwenye neno "kunywa". Alitamani kumzaba kofi, na haki ya Mungu, mimi ningemzaba. Lakini mhuri ulishagongwa na foleni ilikuwa inasukuma.

Truphena, mtoto wa Marachi huku Kenya, kazi yake ilikuwa kupima maji ya Ziwa Victoria. Miaka sita yeye na Amongin, mwenzake wa upande wa Uganda, walikuwa wakibadilishana chupa: maji ya huku yapimwe kule, ya kule yapimwe huku, na kila jibu litiwe sahihi na wote wawili, asije mtu akasema mwenzake amepika majibu. Kisha wakubwa wakaanza kugombania ziwa. Maboti yakakamatwa. Samaki wakafa kwa maelfu, na kila upande ukaapa kwamba mwenzake ametia sumu. Titus, mdogo wake Truphena wa tumbo moja, alikutwa na nyavu zake katikati ya mizoga, akafungiwa Uganda kwa kosa la kumwaga dawa ya shamba majini. Kesi ilikuwa Alhamisi, na siku hii ya mpakani ilikuwa Jumatatu.

Amongin alichota maji siku ile ile aliyokamatwa Titus, mahali pale pale. Wote wawili waliamini kilichoua samaki ni ule uchafu wa kijani unaoota wenyewe jua likizidi, wala si mkono wa mtu. Ng'ombe watatu walikuwa wamekunywa ufukweni hapo, wakafa kabla ya jioni. Ila kuamini si kupima. Maabara ya Amongin ilitiwa kufuli, bosi wake akisema hatapima kitu cha kumsafisha Mkenya. Huku nako, chochote cha ziwa kutoka upande ule kilikuwa marufuku. Zilibaki chupa hizo nne kwenye barafu, na maji ya siku ile hayachotwi mara mbili.

Afisa Job wa forodha, mwenye mhuri wa pili, alifungua sanduku la barafu, akainua chupa moja juani. Mwaka huo shemeji yake alinyang'anywa boti na askari wa Uganda, na tangu hapo kila kilichovuka mpaka alikiona ni tusi.

"Maji ya kunywa," alisoma. "Mbona yamefungwa plasta kama kidonda?"

"Ni ya safari, boss," Omuse alidakia.

"Sijakuuliza wewe." Akamgeukia Truphena. "Wewe nakujua. Ndugu yako wamemtupa ndani, na bado unawabebea vikorokoro vyao? Huna aibu, mama?"

Truphena angemjibu nini? Akisema ukweli, kwamba ni ya ziwa, chupa zitachukuliwa. Akisema ni sumu, madereva wote kwenye foleni wana simu mkononi, tayari kurekodi na kusambaza.

"Haya," Job akasema, akamsogezea ile chupa. "Si ni ya kunywa? Kunywa tuone."

Foleni ilicheka. Mtu mmoja akapiga mluzi. Omuse alikuwa anakagua viatu vyake, mwoga yule!

Truphena akapiga hesabu ya haraka: moja inywewe, tatu zibaki, tatu zinatosha kumtoa Titus. Aliogopa, lakini mkono wake ulibandua plasta. Akainua chupa mdomoni.

"Truphena, usinywe!"

Ilikuwa sauti ya Amongin, aliyezileta chupa hadi mpakani na kubaki nyuma ya kizuizi cha chuma, hatua chache tu, mahali alipokatazwa kupita.

Job aligeuka taratibu. "Kwa nini asinywe?"

Amongin alifumba mdomo, lakini neno lilishatoka. Dereva mmoja akapiga kelele, "Waganda wameleta sumu!" na foleni yote ikaitika. Wengine walianza kumrushia Amongin maganda ya ndizi. Job alimpokonya Truphena ile chupa, akaimwaga mtaroni, kisha ya pili, kisha ya tatu. Truphena alimshika mkono, akamsihi kwa jina la Mungu na la mama yake. Alisukumwa kando, na ya nne ikamwagwa.

Alikwenda mpaka kwenye kizuizi. Amongin alikuwa analia, ganda limemnasa begani.

"Ungekufa, Truphena. Uliwaona wale ng'ombe."

"Zingebaki tatu."

"Alhamisi nitakwenda kortini. Nitawaambia nilichokiona."

"Utawaonyesha nini?"

Amongin alinyoosha mkono juu ya chuma, na Truphena hakuushika.

"Ungeniacha ninywe," alisema.