Maporomoko ya Tangu Jumanne

Mji wa Hirvikuru haukuwa na maporomoko ya maji. Ulikuwa na ziwa, misonobari, na kilima kimoja cha skii ambacho mtu alimaliza kukishuka kabla hajafunga zipu ya koti. Lakini Ilpo, mkuu wa utalii wa mji, alikuwa ameshachapisha vipeperushi elfu tano vyenye picha ya maporomoko yaliyoganda, na wageni wameshaanza kuyaulizia.

Basi Jumanne moja ya Januari akawaita zimamoto. Wakaburuta mpira wa maji hadi kwenye machimbo ya mawe ya zamani, nyuma ya karakana ya malori ya kusukuma theluji, wakaanza kumwagia ukuta wa mwamba. Baridi ilikuwa digrii ishirini na sita chini ya sifuri. Kufikia Ijumaa mwamba mzima ulikuwa umevaa barafu ya rangi ya samawati. Hata Hilkka, aliyeendesha malori hayo miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, alikiri moyoni kwamba kitu kimependeza.

Ilpo alikuwa mtoto wa kaka yake Hilkka, na alimtaka yeye awaongoze wageni.

"Shangazi, wewe waambie yapo tangu enzi za mababu."

"Mababu wa nani?"

"Wa yeyote. Hawatauliza."

"Na wakiuliza?"

"Tabasamu."

Hilkka hakuwa mtu wa kutabasamu. Marehemu mumewe aliishi naye miaka minne ndipo akagundua kwamba anapendwa.

Basi la kwanza lilileta watu wa kusini, na miongoni mwao mwandishi wa jarida la safari, Vendela, aliyevaa kofia ya manyoya kubwa kuliko mbwa wa kawaida.

"Mama, maporomoko haya yana umri gani?"

"Tangu Jumanne."

"Na maji yanatoka wapi?"

"Kwenye bomba. Anayefungulia ni Reino wa zimamoto. Yule pale, anakula soseji."

Ilpo akawa mweupe kuliko theluji aliyosimama juu yake. Kisha Vendela akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika mti. Basi zima likamfuata. Ilpo, mwepesi wa kunusa upepo, akacheka kuwashinda wote.

"Ndio utani wetu sisi wa kaskazini!" akasema huku akijifuta jasho.

Vendela akaandika kurasa mbili nzima juu ya bibi anayechekesha bila kucheka. Baada ya hapo yakawa yanakuja mabasi matatu kwa siku. Hilkka aliapa, hawakumwamini. Akawazungusha nyuma ya mwamba akawaonyesha mpira wa maji; wakapiga makofi. "Jamani, mpaka vifaa wameandaa!" Bwana mmoja akamuuliza Reino anaigiza katika ukumbi gani, na tangu siku hiyo Reino akawa anachana masharubu kabla ya kuja kazini.

Kilichomuuma Hilkka si kicheko. Enzi zake za lori, akisema barabara haipitiki, hata mchungaji wa kanisa aligeuza gari bila kuuliza. Sasa kila alilowaambia watu lilionekana kichekesho. Wiki ya tatu akavua kizibao cha mji alichopewa cha kuongozea wageni, akachukua kigoda na keke yake ya kutobolea barafu, akaenda ziwani kuvua samaki.

Ilpo akamfuata huko kwa pikipiki ya theluji.

"Shangazi, nakuomba. Wamekuja kukuona wewe."

"Waambie wewe. Maneno yangu yaleyale. Wakicheka, narudi."

"Hilo tu?" Ilpo akafurahi. "Umenisumbua bure na safari."

Kesho yake asubuhi akasimama mbele ya basi zima, koti la halmashauri limepigwa pasi, beji kifuani.

"Ndugu wageni, maporomoko haya yapo tangu Jumanne ya wiki ya pili ya Januari. Maji yanatoka kwenye bomba la zimamoto."

Akangoja. Mama mmoja wa mbele akashusha simu yake taratibu.

"Kwa hiyo mmetudanganya?"

"Hapana, huo ni utani…"

"Utani gani? Wewe si ndiye mkuu wa utalii?"

"Ndimi, lakini…"

"Mkuu mzima, unakiri mbele yetu!"

Robo saa baadaye basi lilikuwa limeshageuza, linaelekea mji wa jirani ng'ambo ya ziwa. Ilpo akamgeukia Hilkka, aliyekuwa amesimama kando na Reino muda wote.

"Shangazi, si nimesema yaleyale?"

"Neno kwa neno."

"Sasa mbona kwako walicheka?"

Hilkka akamtazama kuanzia beji hadi viatu. "Mimi walinidhania mjinga, mwanangu. Wewe wamekudhania mkubwa."

"Nifunge maji, bosi?" Reino akauliza.

Hilkka akainama, akafunga bomba mwenyewe, akarudi ziwani kabla samaki hawajaacha kula.