Waya Uliokataa Kuimba

Solange Berney alisukuma kitufe cha pembeni kwa mara nyingine. Ndani ya saa aliyoiunda, ya kutaja wakati kwa mlio, nyundo mbili ndogo kama punje za mchele ziligonga nyaya zake. Waya wa juu uliimba. Wa chini ulilia kama kijiko kwenye sufuria ya uji.

"Ee Bwana, nimekosea wapi?" alinong'ona.

Wiki iliyopita saa hiyo hiyo ilimtoa machozi kwa utamu. Lakini kwa mafundi saa wa Bonde la Joux, saa haijaisha mpaka ifunguliwe yote, kila kipande king'arishwe, hata kisichoonekana, kisha iunganishwe upya. Alifanya hivyo, akiombea kila kipande. Sasa waya mmoja umeharibika sauti, na alasiri hii Mwalimu Reymond anakuja kuisikiliza. Ikishindwa, Solange anarudi kwenye kiwanda cha jibini, na masomo yote ya jioni aliyoyaanza ukubwani ni kazi bure.

Skrubu alikwisha kuzikaza. Nyundo alikwisha kuzirekebisha. Akakitupa kibano mezani.

"Taratibu, Bi Solange. Hilo si jibini," alisema Reymond, ambaye alikuwa amekwisha kusimama nyuma yake.

"Jibini lingenitii, Mwalimu!"

Mzee akasikiliza, akakunja uso. Aliufungua waya wa chini, akaukagua kwa lenzi mguu unaoushikilia kwenye bamba. Ulimeta kama kioo.

"Nani kakwambia ung'arishe huku chini?"

"Hakuna anayepaona ila Mungu. Nikataka papendeze."

"Mungu ana masikio pia. Umezisaga kingo zake, mama. Mguu haukai sawasawa kwenye bamba. Sauti ipite wapi?"

Damu ilimchemka Solange. Mng'aro ule ndio aliojivunia kuliko vyote.

"Kwa hiyo niuharibu?"

"Uharibu. Au kaa nao uutazame."

Solange akachukua jiwe dogo la kunolea. Kila mkwaruzo ulimchoma moyoni. Hata kusali hakuweza, kwa hasira. Mguu ukawa bapa, wa kijivu, hauna sura. Akaukaza, akasukuma kitufe.

Waya wa chini uliimba, ukaendelea kuimba, na Reymond akafumba macho mpaka mlio ulipokwisha.

"Haya. Jibini litafute mtu mwingine," alisema. Kisha akainama na lenzi yake. "Ila fungua yote tena. Umeacha alama ya kidole kwenye bamba."

Solange akaokota bisibisi, meno ameyauma.

"Ee Bwana," alisema, safari hii kwa sauti, "na huyu macho ulimpa ya nini?"