Mkeka wa Saa Saba

Saa saba mchana, kwenye banda la kufungasha dagaa pale Kerege, Ashatu msimamizi alitandika mkeka, akaweka sinia la wali katikati, na wafanyakazi wakakaa kulizunguka, miguu wameikunja. Adija alibaki kwenye kiti mwendo chake, mezani penye mizani. Sahani yake ililetwa imefunikwa kawa, na ndani mna kipande cha samaki kilichonona kuliko vyote.

Hakuna aliyemnyima kitu. Alijengewa njia ya mteremko mlangoni, na siku ya kuizindua watu walikula keki, wakabandika bango lisemalo hapa kila mtu ana nafasi yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Adija jembe alipewa siku ileile ya kwanza, ila ugeni haukumtoka, mwaka wa tatu sasa. Na kazi za banda lile hazikugawanywa ofisini. Ziligawanywa mkekani, kati ya tonge na tonge. Hapo ndipo angepatikana wa kupelekwa chuoni Mbegani kusomea ukaushaji wa samaki, nafasi ambayo Adija aliitaka mpaka ikamkosesha usingizi.

Jumatatu moja, baada ya bismillahi, mkeka ukanyanyuka. Ulipanda taratibu na watu wake na sinia lake, ukapita juu ya matenga, ukasimama hewani ubavuni mwa Adija, kimo sawa na kiti chake. Maulidi, aliyeanza kazi juzijuzi tu, akauliza kama pilipili imesahauliwa chini. Ilikuwa imesahauliwa.

"Karibu, Adija," Ashatu alisema, maana sinia lilikuwa mbele yake na kutomkaribisha kungekuwa utovu wa adabu.

Adija akanawa, akatia mkono katika sinia moja na wenzake. Alitaka kulia kwa furaha, akameza tonge.

Siku zilizofuata mkeka ulipanda vilevile. Watu wakaanza kunung'unika: miguu inaning'inia mpaka inakufa ganzi, mchuzi unamwagika, mtu hawezi kujinyoosha. Hakuna aliyesema kwamba hata mazungumzo yamepungua. Ni vigumu kumjadili mtu mnayekula naye sinia moja.

Alhamisi Ashatu akaagiza magunia ya chumvi yawekwe kwenye pembe zote za mkeka.

"Si kwa ubaya, mwanangu," alimwambia Adija. "Miguu yangu mibovu."

"Na yangu, mama."

Ashatu akacheka kidogo, akamshika bega, akaenda kukaa.

Mkeka ulitetemeka chini ya chumvi, haukupanda. Kutoka pale mezani Adija alisikia jina la Maulidi likitajwa kwa safari ya Mbegani, na wengine wakiitikia vinywa vimejaa. Roho ilimuuma, na hakuwa na wa kumwambia. Kisha akaletewa sahani yake. Safari hii vipande vya samaki vilikuwa viwili.

Walipomaliza wakaondoa magunia, kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Mkeka ukanyanyuka mtupu, ukaja ukasimama kando ya kiti chake. Adija akaupapasa, akauambia kwamba wenyewe wameshakula, akaukunja magotini, akaendelea kupima dagaa.