Asilimia ya Mafuta

Nilibofya "Anza", nikaondoa mkono kwenye kipanya na kuuweka juu ya goti ili nisishawishike kuisaidia mashine. LaVonne alisimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa. Wote wawili tuliitazama printa.

Printa ilikaa kimya.

"Labda inaona haya," alisema LaVonne. "Tuigeuzie mgongo?"

"Subiri kidogo, dada."

Kwenye skrini, mbele ya jina la kazi niliyoipangia ratiba, paliandikwa kwamba kazi inaendelea. Iliendelea hivyo mpaka kahawa yake ikapoa. Ndipo nikaelewa. Hifadhidata ya ushirika wetu wa maziwa inafungwa kwa nywila. Ratiba ilipoiamsha badala ya mtu, ilifungua kisanduku chake cha kuuliza nywila mahali pasipoonwa na jicho lolote, ikakaa hapo ikingoja jibu kwa adabu. Tungeiacha, ingengoja mpaka Krismasi.

Kila alfajiri, Jumapili na sikukuu zikiwemo, LaVonne Tesch hufungua ofisi, huandika nywila na kubofya kitufe kimoja. Orodha za madereva hutoka: shamba gani lichukuliwe maziwa, na lipi liachwe kwa sababu kipimo cha usiku kimekuta dawa ya mifugo kwenye maziwa. Bila karatasi hizo hakuna lori linalotoka uani. Na kwa kuwa majibu ya vipimo ni siri ya mkulima, bodi imeamua nywila iwe kwa mtu mmoja tu, yeye. Bodi ilikubali mashine ifanye kazi hiyo peke yake siku moja moja. Kumpa nywila mtu wa pili, ilikataa.

Jumamosi msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa. Tangu LaVonne ashike kazi hii hajawahi kukaa kichanjani, juu ya mti, kuvizia kulungu alfajiri ya ufunguzi. Na mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho, kwani kaka yake Milo ameshauza msitu wa baba yao, na mmiliki mpya si mtu wa kukaribisha wageni. Siku hiyo tulipoitazama printa ilikuwa Alhamisi.

Mimi ni fundi wa vyumba vya baridi. Kompyuta nimejifunza polepole kwa kuharibu na kutengeneza, kwa hiyo sikuwa na njia ya mkato. Niliandika programu fupi ya kuifungua hifadhidata na kuikabidhi nywila kabla haijauliza. Kisha nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, nikampisha LaVonne kwenye kiti na kugeukia ukuta.

"Andika nywila mwishoni mwa mstari, halafu bonyeza."

Nilisikia vidole vyake. Halafu nikasikia printa ikivuta karatasi.

"Verlyn! Inatoka! Geuka uone!"

"Umeifuta nywila?"

"Nimefuta. Geuka, bwana!"

Tulishangilia mapema mno. Ratiba haiwezi kuandika kwa vidole. Mstari ule ulipaswa kukaa ndani ya faili ambalo ratiba italifungua yenyewe. Nikageukia ukuta tena, LaVonne akaandika mstari uleule ndani ya faili, akalihifadhi, tukaliendesha. Skrini ikajibu:

Nywila si sahihi.

"Umekosea herufi."

"Sijakosea. Vidole vyangu vinaijua hata nikiwa usingizini, na mara nyingi huwa usingizini."

Akaiandika upya, herufi moja moja, akizitaja kimoyomoyo. Nywila si sahihi. Akarudi kwenye dirisha jeusi, akaandika kwa mkono. Karatasi zikatoka.

Duane, dereva wa lori kubwa, alikuwa ameingia na mfuko wa jibini mbichi, ile inayolia kama kiatu kipya ukiitafuna. Akaegemea mlango akila.

"Bado mnaibembeleza? Jumamosi nitakuta ofisi ina giza, nimpigie simu bibi huyu akiwa juu ya mti. Kulungu wote wa kaunti watajua namba yangu."

"Wewe tafuna jibini yako, Duane," alisema LaVonne. Lakini hakucheka. Alikaa, akatazama koti lake la kuwindia, la rangi ya chungwa kali, lililoning'inia nyuma ya mlango. Alilileta Jumatatu, kwa matumaini.

Nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu: kwa mkono inakubali, ndani ya faili inakataa, na aliyeandika ni yuleyule. Basi huenda kosa si la mwandishi. Huenda faili linasoma kitu tofauti na alichoandika.

"Dada, sitaki nywila yako. Niambie kitu kimoja tu. Ina alama yoyote ambayo si herufi wala tarakimu?"

Alisita. "Ina moja."

"Ni alama ya asilimia?"

Akanikazia macho. "Ulichungulia!"

"Sikuchungulia. Mtu wa maziwa akitafuta alama ya kuweka kwenye nywila, ataweka ipi? Ni mafuta, sivyo? Jina la ng'ombe na asilimia ya mafuta yake. Usiniambie ng'ombe yupi."

Duane alicheka hadi kipande cha jibini kikamtoka. LaVonne aliona haya hadi masikioni.

"Alikuwa ng'ombe wa baba," alisema. "Aina ya Jezi. Alipata utepe wa mshindi wa kwanza kwenye maonyesho."

Nikamweleza. Kwenye dirisha jeusi alama ile ni alama tu. Ndani ya faili la namna hii ina kazi yake maalumu, na ikikaa peke yake mashine huimeza bila kuaga. Nywila ilikuwa inafika ikiwa imepungua.

"Yaani mashine yako imemwengua ng'ombe wa baba yangu malai?"

"Yote."

"Mwizi!"

"Iandike mara mbili. Itameza moja, moja itapita."

Nikageukia ukuta. Vidole viliandika. Nikaiambia ratiba ianze, nikaweka mkono kwenye goti. Printa ikakohoa, ikawasha taa yake ya kijani, ikaanza kutoa karatasi, na LaVonne akanipiga kibao cha mgongo ambacho bado nakisikia.

Alfajiri ya Ijumaa tulijaribu kwa kweli. Mlango umefungwa, taa zimezimwa, sisi watatu tuko nje kwenye baridi tukichungulia kioo. LaVonne alitia mikono mifukoni na kuapa kutoitoa. Ilipofika saa kumi na moja, ndani ya giza ikawaka taa ndogo ya kijani.

Duane aliingia akasoma orodha kwa tochi. "Imemzuia binamu yangu," alisema. "Haijui hata kupendelea ndugu." Akasonya, halafu akamvulia kofia LaVonne. "Nenda kawinde, bibi."

Jumamosi nilikuja peke yangu, sikugusa kitu. Karatasi zilitoka na malori yakaondoka. Uani kulikuwa kunapambazuka simu yangu ilipolia, na sauti ikaja ya kunong'ona.

"Zimetoka?"

"Zote. Duane ameshafika njia kuu."

Nilisikia tawi likilia kwa upepo, na mtu akivuta pumzi ndefu.

"Verlyn, jua linachomoza mkabala na kichanja cha baba. Basi nanyamaza. Kuna pembe zinakuja huku."

Akakata.

Nilikaa kwenye kiti chake nikalitazama jina la lile faili bila kulifungua. Nywila imo mle ndani, wazi, imeandikwa kwa maneno yanayosomeka. Nimelifungia folda lake lisifunguliwe na mtu mwingine, lakini hilo ni komeo dogo. Inabidi nywila ihamie mahali pa siri zaidi, na ibadilishwe, na wa kuibadilisha ni yeye. Alisema atarudi kuibadilisha kesho baada ya ibada. Nikazima skrini, nikatoka nje kusikiliza kama bunduki italia upande wa msitu.