Asiyekufa Hafufuki

Mtoto alikuwa ameyakataa majina yote ya wafu. Naliaka aliyaita moja baada ya jingine katika chumba chao cha kupanga pale Riruta, huku Jacklyne, mke wa mwanawe, akimtia mtoto ziwa mdomoni: Nekesa, Nasimiyu, Nafula. Ndivyo wafanyavyo kwao Bungoma. Mtoto akilialia bila ugonjwa huitiwa waliotangulia, mpaka aliyemjia atajwe, naye atulie anyonye. Huyu aligeuza uso, akazidi kupiga mayowe.

"Mama, wacha nijaribu yangu," Jacklyne akasema kwa uchovu. "Anastasia."

Mtoto akanyamaza. Akanyonya.

Jacklyne alicheka. Naliaka alihisi mwili ukimsisimka. Katika ukoo wao hakuna aliyezikwa kwa jina hilo. Basi ni nani aliyeitika?

Jumapili, baada ya misa, alimfuata katekista Lazaro aliyekuwa akikunja vitambaa vya altare, akamuuliza juu ya jina hilo.

"Hilo ni la Kigiriki, mama. Maana yake ni ufufuo, kusimama tena. Wakristo wa zamani waliwapa jina hilo waliobatizwa, maana kutoka majini kulikuwa kama kutoka kaburini. Jina tamu sana."

"Asiyekufa hafufuki, katekista."

"Ai!" Katekista akacheka. "Mimi nimeitwa Lazaro tangu utotoni mpaka mvi hizi. Umewahi kuniona kaburini?"

"Bado," Naliaka akasema.

Katekista akaacha kucheka.

Tangu siku hiyo Naliaka hakulitamka jina lile. Alimwita mtoto "kamama", alimwita "mgeni wangu", na kila Jacklyne alipoita Anastasia, bibi alisikia koleo la mchimba kaburi likizama udongoni. Ataanguka kwanza, aliwaza, ndipo asimame. Na asiposimama?

Wiki ya ubatizo homa ikaja, na kuhara juu yake. Walipomfikisha zahanati moja huko Hurlingham, mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholoa, hata kulia hawezi. Jacklyne alikimbilia simu ya jamii, ile ya kulipia, barabarani ampigie mumewe, aliyekuwa kazini kichinjioni Dagoretti. Naliaka akabaki na nesi, ambaye alikuwa akiupapasa mkono mdogo akitafuta mshipa.

"Shosho, asilale. Muongeleshe. Muite jina."

"Nasimiyu," Naliaka akaita. Macho ya mtoto yalizidi kufumbika. "Nekesa. Nafula, rudi, mama."

"Kwani ako na majina ngapi? Ita ile amezoea!"

Naliaka alijua ni lipi. Akilitaja, amekubali kwa kinywa chake kwamba kifo kitangulie. Lakini hata akinyamaza, kifo hakikuwa na haja ya kukaribishwa. Kilikuwa kimeshavuka kizingiti. Akainama mpaka midomo yake ikagusa sikio lile la moto.

"Anastasia."

Kope zikatikisika.

"Anastasia! Simama, mwanangu. Simama!"

Sindano ikaingia. Mtoto akatoa kilio chembamba, kisha kingine chenye nguvu.

"Ndio hivyo! Wacha alie!" nesi akasema, akifungua maji ya mshipa.

Jacklyne alirudi mbio, kanga imemwanguka begani. Alimkuta mama mkwe wake amepiga magoti sakafuni, akiita jina lile lile aliloliogopa, bila kupumzika. Nesi alimshika bega.

"Basi, shosho. Ameamka. Inatosha."

Naliaka alimsikia. Lakini aliendelea kuita, kwa sauti iliyoanza kukwaruza, kwa sababu sasa aliogopa kunyamaza.