Moshi wa Wifi

Jumamosi asubuhi, dukani, daktari wa meno alifungua mlango wa oveni kwa kidole kimoja, akauachia, na kuusikiliza ukijifunga wenyewe polepole bila kulia. Akaufungua tena ili mumewe naye asikie. Mumewe, ambaye alikuwa mpima ardhi, alichutama upande wa pili akipima upana wa jiko kwa futi ya chuma aliyokuja nayo kutoka kazini, kwa sababu hakuamini vipimo vilivyobandikwa.

"Linaingia," alisema. "Linabakiza nafasi ya kidole."

Nyumba yao walikuwa wakiimalizia kwa miaka. Kaunta za mawe zilishawekwa, taa zilishafungwa, hata vijiko vilishapangwa kwenye droo, lakini katikati ya makabati palikuwa patupu pakingoja jiko. Walipikia jiko dogo la pleti mbili lililokaa juu ya kreti, na daktari wa meno alishaapa kwamba hatamkaribisha mtu mpaka mambo yakae sawa.

"Nashinda naziba mapengo ya watu," alipenda kusema, "halafu jioni narudi kukaa na la kwangu."

Muuzaji alivaa tai na viatu visivyotoa sauti. Aliongea taratibu, kama mtu aliye wodini.

"Hili, mama, halinunuliwi. Hili linarithiwa," alisema, akipitisha kitambaa juu ya jiko lenye pleti sita, la bluu iliyokolea, vishikio vya shaba. "Wajukuu zako watagombana."

"Liwashe tulione."

Akaliwasha. Moto ulitoka bluu, mfupi, umenyooka kama uliochanwa kwa kitana. Juu ya moto huo ukaanza kupanda moshi. Ulikuwa mzito, wa kijivu, moshi wa kuni mbichi, na ndani yake mlikuwa na harufu ya maharage yaliyoshika chini ya sufuria. Muuzaji alizima jiko, akaenda kufungua dirisha, akarudi.

"Huo si wa jiko," alisema. "Huo mmekuja nao."

Alieleza kwamba hutokea. Kuna mteja mmoja, mjane, kila oveni aliyoifungua ilikuwa na viatu vya mumewe ndani. Mwishowe alinunua friji, na mpaka leo hajalalamika.

Wakajaribu mengine. Jiko jekundu lenye oveni mbili lilitoa moshi. Jiko jeusi la chuma cha kusubu, ambalo wanaume wanne walikuwa wamelibeba kuliingiza dukani, lilitoa moshi. Lile la umeme, la kioo kitupu, lisilo na moto wala pa kuwashia kiberiti, lilitoa moshi kuliko yote, na muuzaji akaomba radhi kwa niaba yake. Daktari wa meno alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Unaujua huu moshi?" alimuuliza mumewe.

"Ni wa kwa dada."

"Wa wifi? Sasa unafanya nini hapa?"

Mpima ardhi aliujua vizuri. Ulitoka katika jiko la uani la nyumba ya wazazi wao, mwendo wa siku nzima kwa basi, kibanda cha paa la bati chenye dirisha lisilotosha kupitisha kichwa cha mtu. Mama yao alipofariki, dada mtu ndiye aliyeacha shule akaingia mle. Alipika chakula akawauzia wafyatua matofali, na kwa chakula hicho kaka yake alisoma mpaka akawa mtu wa kupima ardhi za watu. Bado alikuwa mle. Kila mara kaka yake alipokwenda kumsalimia alimwahidi jiko la gesi, na kila mara alisema wacha tumalize nyumba kwanza. Dada mtu alikubali, akakohoa, akamfungia mayai ya kuondoka nayo.

"Moshi una safari zake," alimjibu mkewe.

Walichukua lile la bluu. Halikuwa na moshi zaidi ya mengine, na mlango wake haukulia.

Lilifika katikati ya wiki, likaingia pale lilipopimiwa. Daktari wa meno alisimama mbele yake na kikombe cha chai, akalitazama mpaka chai ikapoa. Kuanzia siku iliyofuata, moshi ulitoka jiko likiwa limewashwa au limezimwa. Ulianza alfajiri, dada mtu anapochochea kuni, ukatulia baada ya chakula cha mchana, ukarudi jioni. Mapazia yakageuka rangi. Sare za watoto zilinuka kuni, na mwalimu akawauliza kwa upole kama nyumbani umeme umekatwa. Kliniki, mgonjwa mmoja aliyeachama kinywa alimwambia daktari wa meno, pale aliporuhusiwa kufumba, kwamba barakoa yake imemtia njaa.

Jumapili dada mtu alipiga simu.

"Mdogo wangu, kaa chini nikupe habari. Jiko langu limeacha kutoa moshi."

"Limeacha?"

"Kabisa. Kuni ni zile zile, mbichi, zinatoka povu. Nawasha, zinawaka, moshi hakuna. Mwanzoni nikadhani macho ndiyo yamekufa."

"Na kifua?"

"Kimefunguka! Kikohozi kimeondoka hata hakikuaga. Juzi nimeimba, wafyatua matofali wakaacha sahani wakanisikiliza. Halafu nikueleze kingine. Kumbe ukuta wa jikoni mama aliupaka rangi ya kijani. Ulikuwa unajua? Nimeusugua kwa majivu na limau, ukajitokeza. Miaka yote hii nilikuwa napika kwenye chumba kizuri, sina habari."

Akacheka. Kaka yake hakukumbuka ni lini alimsikia akicheka bila kukatizwa na kifua. Alikuwa amesimama jikoni kwake, kitambaa kibichi puani, na alitaka kumwambia. Badala yake akamuuliza habari za paa.

Alipokata simu, mkewe alikuwa mlangoni.

"Tumpelekee jiko," alisema. "Wiki hii hii. Hata la pleti mbili. Asipochoma kuni, moshi utatoka wapi?"

"Tutampelekea."

"Lini?"

"Tukishaweka geti."

Daktari wa meno alifikiria geti. Lililokuwepo lilikuwa la mabati, na wageni wangelipita kwanza kabla hawajaliona jiko. Alikuwa ameshawaalika madaktari wenzake na waume zao. Akatafuta namba ya fundi.

Wakamwita fundi. Alikuja na ngazi, akagonga ukuta hapa na pale, akaingiza kichwa chini ya dari, akanusa.

"Kuni mbichi," alisema. "Naweza kuwafungia feni ya kuvuta. Sasa, nikiutoa nje, utaingia kwa majirani, na watu wa hapa mnavyojuana mtaanza kununiana. Au naweza kuurudisha ulikotoka."

"Inawezekana?" aliuliza mpima ardhi.

"Moshi unajua kwao. Ni kugeuza feni tu." Fundi alishuka ngazi, akajipangusa mikono. Kabla ya kazi ya namna hiyo ilimbidi aulize, na akauliza. "Huko kuna mtu?"

"Yuko dada yangu."

"Moshi ameuzoea?"

Mpima ardhi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akisugua doa kwenye kaunta, na doa lilishatoka.

"Ameuzoea," alisema.

Feni ilifungwa kabla ya jioni. Ilikuwa na nguvu tatu, na kwa ile ndogo tu moshi ulirudi chini kupitia zile pleti kama maji yanavyoingia kwenye shimo la sinki. Nyumba ikanuka rangi mpya na sabuni. Wageni walikuja, wakafungua na kufunga mlango wa oveni mmoja baada ya mwingine, wakausifu kwa kutolia kwake. Kuku aliiva mpaka ndani. Mke wa mtu alishika kishikio cha shaba akakaa nacho muda, kama anayeshika mkono wa mgonjwa, na njiani kurudi nyumbani hakumsemesha mumewe.

Dada mtu alipiga simu wakati wa keki, wageni wameshaondoka na familia imekaa yenyewe kwenye kaunta. Mpima ardhi alikuwa na kisu mkononi, kwa hiyo aliiweka simu mezani na kufungulia sauti.

"Umerudi," alisema dada mtu. "Moshi. Tena naona umerudi na wenzake. Nilijua tu ilikuwa likizo."

"Pole, dada."

"Ah, nimeshauzoea. Sikupiga kwa ajili hiyo. Watoto waliniambia mna jiko jipya. Linapika vizuri?"

"Linapika vizuri."

"Basi na mimi nimefurahi. Mmehangaika sana na hiyo nyumba. Nilitaka tu nika..."

Hakumaliza. Kikohozi kilimshika kutoka chini kabisa, kikamtikisa, kikatulia kidogo, kikaanza upya. Kaka yake alikata keki vipande vinavyolingana, akavigawa.

"Pole, shangazi," walisema watoto kwa pamoja, kama walivyofundishwa.

Kwenye pleti ya nyuma uzi mwembamba wa moshi ukachungulia. Daktari wa meno alinyoosha mkono, simu ikiwa bado inakohoa, akaongeza feni.